Uchovu Usioisha kwa Kulala: Mwongozo kwa Watu wa Bonde la Mto Mara

Uchovu wa kazi huisha kwa usingizi. Aliyelima kutwa au aliyebeba viroba vya mawe akala akashiba na kulala usiku kucha, kesho yake huamka na nguvu zake, au keshokutwa ikiwa kazi ilikuwa ya kukomoa. Uchovu unaobaki wiki mbili ilhali mtu anakula na kupumzika, au unaokuja bila kazi yoyote ya kuueleza, una chanzo kingine, na chanzo hicho ndicho cha kutafutwa kabla ya kununua chochote dukani.

Katika kata ya Kemambo na vijiji vinavyouzunguka mgodi wa dhahabu wa North Mara pale Nyamongo, na ng'ambo ya Mto Mara upande wa wilaya ya Serengeti, vyanzo hivyo ni vingi kwa sababu mkulima, mfugaji na mchimbaji mara nyingi ni mtu yule yule. Asubuhi yuko shambani, mchana yuko kwenye mawe, jioni anarudisha ng'ombe zizini. Anakutana na mbu wa bondeni, vumbi la karasha (mashine ya kuvunja mawe) na maziwa mabichi ndani ya siku moja, na anapodhoofika hajui alaumu kipi.

Watu husema "nimechoka" kwa hali tatu zisizofanana, na mganga akiambiwa ni ipi hasa, nusu ya kazi imekwisha. Anayesinzia kila akikaa, hata mkutanoni au juu ya pikipiki, ana deni la usingizi. Anayehema akipanda kilima alichokuwa akikipanda bila taabu, au ambaye moyo unamwenda mbio kwa kuteka ndoo moja ya maji, damu yake, moyo wake au mapafu yake yachunguzwe. Ambaye mwili unaweza lakini hana hamu na kazi, chakula wala watu, huenda mzigo wake uko kwenye mawazo. Hali hizi huweza kuchanganyika, lakini moja huwa imetangulia.

Zipo dalili zisizongoja wiki mbili wala siku mbili. Kuhema mtu akiwa amekaa tu, maumivu ya kifua, kupoteza nguvu ghafla upande mmoja wa mwili au ulimi kuwa mzito, kuchanganyikiwa, degedege, choo cheusi kama lami, kutapika damu, mjamzito aliyepauka na kuhisi kizunguzungu, mtoto aliyelegea asiyeweza kunyonya au kunywa: yote haya ni safari ya siku hiyo hiyo. Kama zahanati ya kijiji haina vipimo, mgonjwa apelekwe kituo cha afya au hospitali, ya Tarime au ya Mugumu, kutegemea yuko upande gani wa mto.

Malaria, taifodi na UTI

Mtu aliyechoka akiingia kwenye duka la dawa hutoka na moja ya majina haya matatu, na mara nyingi na yote kwa pamoja. Malaria inastahili kutajwa kwanza, kwa kuwa bonde la Mto Mara lina joto na madimbwi kuliko nyanda za juu za Tarime, na mashimo ya uchimbaji yaliyoachwa wazi hujaa maji kila msimu wa mvua. Lakini malaria hupimwa, haikisiwi. Kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni hutoa jibu ndani ya nusu saa. Kikionyesha malaria, dawa mseto ya ALU humezwa dozi 6 kwa siku 3: ya kwanza papo hapo, ya pili baada ya saa 8, zinazobaki asubuhi na jioni, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa ili dawa ifyonzwe vizuri. Wengi huacha siku ya pili wakijisikia vizuri, na vimelea vilivyosalia hurudi kwa nguvu.

Kuna jambo moja kuhusu kipimo hicho ambalo halisemwi vya kutosha. Kinatafuta protini ya vimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kwa hiyo aliyetibiwa vizuri, akapima tena wiki mbili baadaye kwa sababu bado ana uchovu, anaweza kuambiwa ana malaria ambayo hana, akameza dozi ya pili na ya tatu. Anayejikuta hapo aombe kipimo cha hadubini, kinachoona vimelea vyenyewe. Uchovu wa wiki moja au mbili baada ya malaria kupona ni wa kawaida. Ukizidi hapo, damu ipimwe, kwa sababu malaria huvunja chembe nyekundu.

Taifodi ni ugonjwa wa kweli na mbaya, ila kipimo cha Widal kinachotumika katika maabara nyingi ndogo hakitafuti bakteria. Kinatafuta askari wa mwili, ambao huweza kuwapo kwa sababu ya maambukizi ya zamani au ya vidudu vingine kabisa. Majibu ya Widal peke yake, kwa mtu ambaye hana homa ya siku kadhaa wala maumivu ya tumbo, hayatoshi kumwanzishia antibayotiki. UTI nayo ina dalili zake: kukojoa mara kwa mara kidogo kidogo, mkojo kuchoma, maumivu chini ya kitovu. Uchovu mtupu usio na hata moja ya hizo si UTI, hata kama cheti kimeandikwa hivyo. Hasara ya majina haya mepesi haiishii kwenye fedha. Mwezi unaopotea mtu akimeza dawa za taifodi asiyokuwa nayo ni mwezi ambao kifua kikuu au upungufu wa damu unaendelea bila kuguswa.

Damu

Upungufu wa damu ndicho chanzo cha uchovu kinachofaa kutafutwa mapema kuliko vyote kwa wanawake wa umri wa kuzaa na watoto wadogo. Hutazamwa kwa macho kwanza: kiganja, ulimi na sehemu ya ndani ya kope la chini vikiwa vyeupe badala ya wekundu, shaka ipo. Hamu ya kula udongo, ile pemba inayouzwa sokoni kwa vipande, mara nyingi ni dalili kwamba chuma kimepungua mwilini, na udongo wenyewe huzuia chuma cha chakula kufyonzwa, hivyo tatizo hujilisha. Kisha hupimwa. Kwa mwanamume mtu mzima wingi wa damu usiwe chini ya gramu 13 kwa desilita, kwa mwanamke asiye mjamzito gramu 12, na kwa mjamzito gramu 11. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa namba yake, na aiandike, kwani bila namba ya kwanza hakuna atakayejua kama dawa imefanya kazi.

Damu ikionekana pungufu, swali linalofuata ni imepotelea wapi. Minyoo ya safura huingia kupitia ngozi ya nyayo kwenye udongo wenye kinyesi, huganda kwenye utumbo na kunyonya damu kidogo kidogo kwa miaka. Dozi moja ya albendazoli ya miligramu 400 huiondoa kwa sehemu kubwa, lakini anayeendelea kulima peku mahali pasipo na choo huipata tena. Kichocho, kinachopatikana katika maji baridi ya Kanda ya Ziwa yenye konokono, hutoa damu kwenye choo au mkojo, na hutibiwa kwa prazikwanteli inayotolewa kulingana na uzito. Hedhi inayozidi siku 7, au inayotoa mabonge, huweza kumaliza akiba ya chuma ya mwanamke bila yeye kuiona kama ugonjwa. Uzazi wa karibu karibu hufanya hivyo hivyo. Ukeketaji, ambao sheria ya 1998 iliufanya kosa la jinai ukifanywa kwa msichana wa chini ya miaka 18 lakini bado unafanyika katika baadhi ya koo za wilaya za Tarime na Serengeti, huweza kumwaga damu nyingi kwa siku moja, na kovu linaloachwa huongeza hatari ya kuchanika na kutoka damu wakati wa kujifungua.

Kwa wachimbaji kuna mlango mwingine wa damu kutoka, ambao ni wa kujitakia: vidonge vya maumivu. Diklofenaki humezwa asubuhi kabla ya kuingia shimoni kama wengine wanavyokunywa chai. Ikitumiwa kila siku, hasa kabla ya kula na pamoja na pombe, hutoboa utando wa tumbo na kuleta vidonda vinavyovuja damu polepole, na huumiza figo za mtu ambaye tayari hana maji ya kutosha mwilini. Mchimbaji mwenye uchovu, kiungulia na choo cheusi anaijua sababu yake, iko mfukoni.

Chakula kina nafasi kubwa, ingawa si kwa namna inayohubiriwa kila mara. Ugali wa muhogo hujaza tumbo lakini una chuma kidogo. Wimbi na mtama vinacho zaidi, ila kimefungwa na kemikali za nafaka zinazozuia kisifyonzwe. Kuloweka, kuotesha kimea na kuchachua, kama inavyofanywa kwenye togwa, hukifungua kwa kiasi. Nyama, maini na dagaa wa Ziwa Victoria vina chuma kinachoingia mwilini kwa urahisi zaidi. Ng'ombe ni mahari, heshima na benki, na nyumba yenye zizi lililojaa inaweza kukaa wiki nzima bila mtoto kuonja nyama. Kikombe cha dagaa waliosagwa kwenye uji au mboga kinaweza kuziba pengo hilo bila kumgusa hata ndama. Maharage, kunde, mnavu na mgagani hufaa zaidi vikiliwa na chungwa, ndimu au nyanya mbichi. Chai na kahawa zisubiri walau saa moja baada ya chakula, maana zikinywewa juu yake huzuia chuma.

Vidonge vya chuma na foliki hutolewa kliniki kwa wajawazito, na humezwa kila siku. Choo kuwa cheusi kwa sababu ya vidonge hivi si hatari, na kichefuchefu hupungua vikimezwa pamoja na chakula au usiku. Viwekwe mbali na watoto, kwani wingi wake huua mtoto mdogo. Baada ya mwezi mmoja damu ipimwe tena: ikiwa haijapanda hata gramu 1, ama dawa haikumezwa, ama damu bado inavuja, ama tatizo si chuma. Ikifika kiwango chake, dawa huendelea kwa miezi kama 3 ili kujaza akiba. Mjamzito pia hupewa dawa ya SP ya kukinga malaria kuanzia miezi mitatu ya pili, walau mara 3 kabla ya kujifungua.

Mtoto anayepauka mara kwa mara, mwenye macho ya manjano na maumivu ya mifupa, apimwe selimundu. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yenye wabebaji wengi wa ugonjwa huu wa kurithi. Mtoto anayebainika kuwa nao hapewi chuma kwa kukisia. Anahitaji foliki, kinga ya malaria na kliniki yake maalumu, na kwa wengi dawa ya haidroksiyurea.

Muhogo na miguu iliyokataa

Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilaya ya Tarime ilipata mlipuko wa konzo. Watu waliokuwa wazima, wengi wao watoto na wanawake, walijikuta miguu imekakamaa na kukosa nguvu ghafla, pande zote mbili, na hali hiyo ikabaki. Chanzo kilikuwa muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka kwa sababu ya njaa. Muhogo huo una kemikali inayotoa sianidi, na mwili huitoa sumu hiyo kwa msaada wa protini, ambayo nayo ilikuwa imeadimika. Katika mwaka wa kawaida jambo hili halina haja ya kumtisha mtu. Katika mwaka wa njaa ndipo njia za mkato huanza: muhogo unavunwa leo, unasagwa kesho, unaliwa bila mboga.

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika na mwili kulegea saa chache baada ya kula ugali wa muhogo ni dalili za sumu hiyo. Kinga yake ni ile waliyoijua wazee: kumenya, kuloweka siku 3 au zaidi mpaka muhogo ulainike, au kuuvundika, kisha kuanika juani hadi ukauke kabisa. Mboga yenye protini, iwe maharage, dagaa au maziwa, isikosekane kwenye sahani. Mtu ambaye miguu imekataa kwenda hachukuliwi kama aliyechoka. Hospitali imwone mara moja, kwa kuwa yapo magonjwa mengine ya uti wa mgongo yanayofanana na hilo na yanatibika.

Vumbi, moshi na zebaki

Jiwe lenye dhahabu lina silika. Karasha linapolivunja hutoa vumbi laini ambalo jicho halilioni, na vumbi hilo hushuka hadi kwenye vifuko vya ndani kabisa vya mapafu na kuacha makovu. Baada ya miaka, wakati mwingine michache kwa anayefanya kazi kwenye vumbi zito, mtu huanza kuchoka kwa kupanda ngazi, kisha kwa kutembea, kisha kwa kuvaa nguo. Makovu hayo hayana dawa ya kuyafuta. Kilichopo ni kuacha vumbi mapema na kulizuia: kumwagia jiwe maji kabla na wakati wa kulivunja, kuweka karasha mahali penye upepo na mbali na nyumba, kubadili nguo kabla ya kurudi kwa watoto. Kitambaa kilichofungwa puani huzuia mchanga, hakizuii vumbi laini. Barakoa maalumu za vumbi hufanya kazi zikikaza vizuri usoni, na haziwezi kufuliwa na kutumiwa mwezi mzima.

Mapafu yenye silika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi mara kadhaa kuliko mapafu mengine. Kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, kupungua uzito na uchovu ni sababu tosha ya kupeleka makohozi kituoni. Kipimo na dawa havilipiwi, na matibabu ya kawaida ni ya miezi 6. Uchovu hupungua ndani ya wiki chache za mwanzo, na hapo ndipo wachimbaji wengi huhama kufuata mwamba mpya na kuacha dawa. Anayehama achukue barua ya uhamisho kutoka kituo chake ili aendelee anakokwenda.

Zebaki ni taabu nyingine. Wanaochenjua dhahabu huichanganya na unga wa jiwe kisha huuchoma mchanganyiko ili dhahabu ibaki, na mvuke unaopanda ndio sumu. Hauonekani na hauna harufu. Anayeuvuta kwa muda mrefu hutetemeka mikono, hukosa usingizi, husahau, hukasirika ovyo na kuchoka, na watu humwona kama mlevi au aliyerogwa. Mbaya zaidi ni kuchomea jikoni, kwenye jiko lile lile la kupikia, mama akiwa na mtoto mgongoni. Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata wa 2013 unaolenga kupunguza matumizi ya zebaki, lakini mpaka iondoke kabisa, hatua za chini kabisa ni kuchomea nje mbali na makazi, kutumia kifaa kilichofungwa kinachorudisha mvuke kuwa zebaki ya maji, na wajawazito na watoto kutokukaribia.

Pampu ya petroli haishushwi shimoni. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu: kichwa huuma, miguu hulegea, usingizi mzito hushika, na watu hufa wakidhani wamechoka. Jiko la mkaa lililoachwa liwake ndani ya nyumba iliyofungwa, katika usiku wa baridi wa nyanda za juu za Tarime, huua kwa njia hiyo hiyo.

Ng'ombe, maziwa na mbung'o

Homa inayopanda na kushuka, jasho la usiku, viungo na mgongo kuuma, na uchovu unaokaa miezi, kwa mtu anayeishi na mifugo, vinafaa kumfanya aulizie bruselosisi. Ni ugonjwa ule ule unaowafanya ng'ombe na mbuzi watupe mimba. Mtu huupata kwa maziwa mabichi, kwa kushika kondo na majimaji ya mnyama anayezaa, na kwa kuchinja. Hutibiwa mara nyingi kama malaria, tena na tena, kwa kuwa homa zake zinafanana. Mgonjwa anapaswa kueleza mwenyewe kwamba anafuga na kwamba mnyama wake ametupa mimba, maana mganga asipoambiwa hataufikiria ugonjwa huu. Tiba ni antibayotiki mbili pamoja, kwa kawaida za wiki 6, na ikikatizwa ugonjwa hurudi.

Maziwa yachemshwe mpaka yafure. Kuyagandisha mabichi kwenye kibuyu hakuui bakteria hawa kwa uhakika. Anayependa mgando achemshe kwanza, apoze, kisha agandishe, na ladha haitapotea. Anayemsaidia ng'ombe kuzaa avae glavu, na kama hana, mifuko ya plastiki isiyo na tundu, kisha anawe kwa sabuni. Kijusi kilichotupwa kifukiwe shimo refu, wala kisiachiwe mbwa.

Kwa wachache wanaochunga, kuwinda au kukata kuni kwenye mapori yanayopakana na Hifadhi ya Serengeti, kuna malale. Siku hizi ni adimu, lakini haijatoweka. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliopita katika hifadhi za Tanzania, Serengeti ikiwamo, waliugua baada ya kuumwa na mbung'o. Aina ya ukanda huu haisubiri: huenda kwa wiki hadi miezi, ikianza kwa homa na uvimbe palipoumwa, kisha kulala mchana na kukesha usiku, kisha kuchanganyikiwa. Isipotibiwa huua.

Usingizi wa zamu

Mgodi mkubwa haulali, na zamu ya saa 12 ni ya kawaida. Mwili wa binadamu umezoea giza, kwa hiyo anayelala mchana hulala kwa muda mfupi na usingizi mwepesi, hasa chini ya bati la saa saba mchana. Mtu mzima anahitaji saa 7 hadi 9 katika kila siku. Anayetoka zamu ya usiku aende kitandani moja kwa moja, kabla ya shughuli za nyumbani, ndani ya chandarua, dirisha limezibwa kwa kitenge kizito, simu imezimwa, na watu wa nyumbani wamekubaliana kutomwamsha kwa mgeni asiye wa dharura. Jambo hili la mwisho ni gumu kuliko yote katika nyumba ambayo mgeni hapitiwi bila kusalimiwa, lakini bila hilo mengine hayasaidii. Kahawa au kinywaji cha kuongeza nguvu kisinywewe ndani ya saa 6 kabla ya kulala. Usingizi wa dakika 20 kabla ya kuanza zamu husaidia kuliko kopo la kinywaji hicho.

Kukesha saa 17 mfululizo hupunguza umakini wa mtu kama aliyekunywa pombe. Dereva wa bodaboda anayeunganisha usiku na mchana, au mfanyakazi anayejiendesha kurudi nyumbani baada ya zamu, yuko hatarini hata kama hajaonja tone. Gongo na bia humlaza mtu haraka lakini huvunja usingizi wa alfajiri, na mirungi huuahirisha tu. Anayekoroma sana, akikatika pumzi usiku na kuamka na kichwa kizito, huenda koo lake hujifunga usingizini, na daktari anaweza kusaidia.

Kwa wanawake wengi wa vijijini tatizo ni saa za siku zenyewe. Maji, kuni, shamba, kukoboa, kupika, mtoto, na sasa kuponda mawe: anayeamka saa kumi alfajiri na kulala saa tano usiku hawezi kutibiwa kwa kidonge. Kumwambia apumzike ni maneno matupu kama hakuna aliyechukua ndoo. Mwongozo wa maana hapa unawahusu waume na wavulana wa nyumba hiyo kuliko mgonjwa mwenyewe.

Maji na dawa za nguvu

Kwenye shimo lenye joto mtu hutoka jasho lita nyingi, na uchovu wa mchana mara nyingi ni kiu. Mkojo uwe na rangi ya majani makavu hafifu. Ukiwa kama chai ya rangi, maji hayajatosha. Kwa aliyetoka jasho sana au aliyeharisha, na ikiwa pakiti ya chumvi chumvi haipatikani, lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari vya usawa na nusu kijiko kidogo cha chumvi hutosha.

Dripu ni maji, sukari na chumvi. Inafaa kwa asiyeweza kunywa. Kwa anayeweza kunywa, dripu ya "kurudisha nguvu" humpa kwa bei kubwa kile ambacho kikombe kingempa, pamoja na hatari ya sindano isiyo safi. Sindano za vitamini humfaa mwenye upungufu uliopimwa. Vidonge vya kunenepesha na kuongeza nguvu vinavyouzwa bila cheti huwa mara nyingi na steroidi: mtu hujisikia vizuri mwezi wa kwanza, uso huvimba, sukari na shinikizo la damu hupanda, na akiacha ghafla baada ya kuvizoea nguvu humwishia kabisa. Aliyekwisha kuvitumia muda mrefu asiviache peke yake, amwone daktari avipunguze polepole.

Mawazo, na maradhi ya kudumu

Sonona huonekana zaidi mwilini kuliko mdomoni. Mtu hasemi ana huzuni, husema mwili unauma, kichwa kizito, halali au analala kutwa. Ikiwa hali hiyo imezidi wiki mbili na hamu ya mambo aliyoyapenda imekwisha, ni ugonjwa unaotibika kwa mazungumzo na kwa dawa. Aliyepoteza shamba, fidia, mtoto au mwenza ana sababu ya kuhuzunika, na sababu hiyo haimzuii kutibiwa. Anayezungumzia kujiua asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na apelekwe hospitali.

VVU ipimwe kwa kila mwenye uchovu wa muda mrefu. Dawa zake ni bure, na aliyeanza mapema hufanya kazi kama wengine. Kisukari huja na kiu na kukojoa sana. Ugonjwa wa moyo na wa figo huvimbisha miguu. Tezi ya shingoni ikifanya kazi polepole huleta baridi, ngozi kavu na kuongezeka uzito. Vipimo vya sukari, mkojo na shinikizo la damu hufanyika hata kituo cha afya, na kwa tezi au moyo mgonjwa hupewa rufaa, ikibidi hadi Bugando, Mwanza.

Kwenda kupima na kurudi kazini

Kabla ya kwenda kituoni, inafaa kuandika kwa wiki moja saa za kulala na kuamka, kilicholiwa, kazi iliyofanyika na wakati uchovu unapozidi. Dawa zote zinazotumika, za dukani na za mitishamba, zibebwe kwenye mfuko mmoja. Mgonjwa ataje kazi yake kwa undani: "mkulima" haitoshi kwa mtu anayeendesha karasha au anayechoma zebaki. Kwa mwanzo, vipimo vinavyofaa ni wingi wa damu, malaria, sukari, mkojo, choo, VVU, na makohozi kama kuna kikohozi.

Aliyepona asirudi shimoni kwa siku ya kwanza kama alivyokuwa. Wiki ya kwanza afanye nusu ya kazi, na apumzike kabla nguvu hazijaisha, si baada ya kuanguka. Akiamka kesho yake bila kuzidiwa, aongeze kidogo. Akiamka akiwa hoi, abaki kiwango hicho siku kadhaa. Kulala kitandani kutwa kwa wiki nyingi hudhoofisha misuli na kurefusha uchovu wenyewe, kwa hiyo hata aliye dhaifu atembee uani asubuhi na jioni. Kazi nzito ziwekwe saa za ubaridi, na ile isiyolazimika kufanyika wiki hiyo ingojee au ichukuliwe na mwingine. Kama baada ya mwezi mmoja wa tiba iliyokamilika uchovu uko pale pale, mgonjwa arudi kituoni na vyeti vyake vyote na kuomba rufaa ya hospitali.